Karacha: upele wa vikunya na jamaa zake katika milima ya Andes

Karacha ni upele unaowashika lama, alpaka, guanako na vikunya katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wanyama hao wanne ni wa ukoo wa ngamia, ingawa hawana nundu. Lama na alpaka hufugwa, wa kwanza kwa kubeba mizigo na wa pili kwa sufu. Guanako na vikunya ni wa porini. Lama alitokana na guanako, na alpaka akatokana na vikunya, hivyo undugu wao ni wa karibu mno, na ugonjwa wa mmoja haupati taabu kumwingia mwenzake. Historia yote ya karacha imo katika ujirani huo wa wanyama wa zizini na wanyama wa mwituni, na katika namna watu walivyousimamia au kuuacha bila msimamizi.

Vikunya ndiye mdogo kuliko wote. Uzito wake ni kilo 35 hadi 50, na makao yake ni nyika za juu, kati ya mita 3,200 na 4,800 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo jua la mchana huchoma na maji huganda usiku. Kinachomwokoa na baridi hiyo ni manyoya yake. Unene wa unywele mmoja ni mikroni 12 au 13 tu, wakati unywele wa kichwa cha binadamu hufika mikroni 70. Kwa hiyo ugonjwa wowote wa ngozi unaomnyang'anya manyoya humwacha mnyama huyu uchi mbele ya barafu.

Anayeleta karacha ni utitiri aitwaye kwa jina la kitaalamu Sarcoptes scabiei, mdudu wa miguu minane wa jamaa ya kupe na buibui. Jike lake halifikii nusu milimita. Huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi, hutaga mayai machache kila siku humo humo, na baada ya wiki mbili au tatu kizazi kipya kimekwisha komaa na kuanza kuchimba njia zake. Mwili wa mnyama huwasha kwa sababu ya mate na kinyesi cha mdudu, naye hujikuna, hujisugua na kujing'ata hadi ngozi inachubuka. Ugonjwa huanza pale penye manyoya machache, yaani mapajani kwa ndani, kwapani na tumboni, kisha hushuka miguuni na kuenea mwilini. Ngozi hunenepa na kukauka, magaga hujipanga tabaka juu ya tabaka, halafu magaga hayo hupasuka. Vikunya aliyefikia hatua hiyo hutembea kwa miguu iliyokakamaa, hukosa nguvu ya kwenda mbali kutafuta majani, na puma anapotokea hana mbio za kujiokoa nazo.

Utitiri huhama hasa kwa kugusana, mwili kwa mwili. Akianguka chini hufa baada ya siku chache, lakini baridi na unyevu humwongezea maisha, na nyika za juu hazikosi baridi. Vikunya wana desturi ya kugaagaa katika mavumbi mahali maalumu, kundi baada ya kundi, na kuacha kinyesi chao katika chungu za pamoja. Vilevile hukaa kwa familia: dume mmoja na majike kadhaa na watoto wao, karibu karibu mchana na usiku. Hayo yote ni mazoea mema kwa mnyama mwenye afya. Karacha inapoingia, yanakuwa njia zake.

Ulaya ilichelewa sana kumjua mdudu huyu kuwa ndiye chanzo cha upele. Mwaka 1687 Giovanni Cosimo Bonomo, daktari, na Diacinto Cestoni, mtengeneza dawa wa Livorno, waliandika matokeo ya uchunguzi wao wa darubini katika barua kwa mwanasayansi Francesco Redi, wakisema kwamba upele wa binadamu hutokana na kiumbe hai kinachohama kutoka mwili hadi mwili. Madaktari wengi hawakusadiki, wakaendelea kuulaumu uchafu wa damu, na ubishi ulikwisha tu katika karne ya 19. Kumbe huko Andes, zaidi ya karne moja kabla ya barua ile, ilikuwapo tayari sheria ya serikali iliyouchukulia upele wa mifugo kuwa kitu cha kuambukiza.

Dola ya Inka, iliyotawala milima hiyo hadi mwaka 1532, haikuwa na sarafu wala farasi. Mali yake ilikuwa chakula, nguo na mifugo. Kulikuwa na makundi ya lama na alpaka ya dola, makundi ya mahekalu ya Jua, na makundi ya jumuiya za vijiji, kila kundi na malisho yake na wachungaji wake. Mifugo ilihesabiwa, na hesabu zikawekwa katika kipu, yaani kamba zenye mafundo ambazo watunza hesabu walizisoma kwa macho na vidole. Mchungaji wa dola aliwajibika kwa kila kichwa alichokabidhiwa, na palipo na hesabu ya namna hiyo, mnyama mmoja anayejikuna hakosi kuonekana.

Juan Polo de Ondegardo, ofisa wa Kihispania aliyewahi kutawala Cusco na kuwahoji wazee waliofanya kazi chini ya Inka, aliandika mwaka 1571 kuhusu kanuni iliyofuatwa. Mnyama aliyeshikwa na karacha hakutibiwa wala hakuchinjwa aliwe. Alizikwa mara moja, tena katika shimo la kina. José de Acosta, padri Mjesuti, alilitaja jambo hilo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1590, akaongeza kwamba mnyama alizikwa akiwa hai ili asiwaambukize wengine. Ni kanuni inayotia uchungu, na hakuna haja ya kuipamba. Lakini mantiki yake ni timamu. Anayemchuna mnyama mwenye karacha huwashika utitiri mikononi na kuwapeleka zizini, na anayemtupa humwachia mbweha mzoga wenye wadudu walio hai. Shimo la kina lilifunga njia zote hizo kwa pamoja.

Wanyama wa porini nao hawakuachwa nje ya mpango. Inka walikuwa na chaku, msako mkubwa wa kifalme ambamo maelfu ya watu walishikana mikono na kufanya duara la maili nyingi, wakalikaza pole pole mpaka wanyama wote waliomo wakakusanyika katikati. Garcilaso de la Vega, mwandishi aliyezaliwa Cusco mwaka 1539 na mama wa ukoo wa kifalme wa Inka na baba Mhispania, anataja watu 20,000 hadi 30,000 katika chaku moja. Vikunya walinyolewa na kuachiwa huru, guanako kadhaa walichinjwa na nyama yake kugawiwa, na idadi ya waliokamatwa, madume kwa majike, ikaingizwa katika kipu. Nchi iligawanywa katika sehemu nne zilizopokezana, kila sehemu ikapumzika miaka mitatu kabla ya kusakwa tena. Raia wa kawaida alikatazwa kuwawinda nje ya utaratibu huo. Kwa hiyo kila baada ya miaka minne mikono ya watu ilipita juu ya ngozi ya vikunya wa eneo zima, na aliye mgonjwa alijulikana.

Utaratibu huu ulivunjika upesi baada ya Wahispania kumkamata mfalme Atahualpa huko Cajamarca mwezi Novemba 1532. Maghala yalitekwa, wachungaji wa dola wakatawanyika, na mifugo ya Inka na ya Jua ikawa haina mwenyewe. Kisha washindi walianza kupigana wao kwa wao: mwaka 1538 huko Las Salinas, mwaka 1542 huko Chupas, na kuanzia mwaka 1544 katika uasi wa Gonzalo Pizarro dhidi ya gavana mkuu aliyeletwa na mfalme wa Hispania. Kila jeshi lilikula lama na kuwatumia kubebea mizigo, likiwachukua wa kundi hili na kuwachanganya na wa lile, likiwavusha kutoka mkoa hadi mkoa. Mwaka 1545 fedha iligunduliwa Potosí, na lama kwa maelfu wakapelekwa kubeba mawe ya madini. Wakati huo huo kondoo, mbuzi, nguruwe na farasi wa Ulaya waliingizwa katika malisho yale yale. Kama mtu angetaka kubuni njia ya kueneza ugonjwa wa ngozi katika nchi nzima, asingepata iliyo bora kuliko hiyo.

Karacha ililipuka mwaka 1544 na 1545. Habari zake nyingi ziko kwa Garcilaso, katika kitabu chake cha historia ya Inka kilichochapishwa Lisbon mwaka 1609. Anaeleza kwamba ugonjwa ulianzia mapajani na tumboni, ukapanda mwili mzima, ukafanya magaga yenye unene wa vidole viwili au vitatu. Tumboni, ambako ulikuwa mkali zaidi, magaga yalipasuka hadi kufikia nyama, damu na usaha vikatoka, na mnyama akakauka na kufa kwa siku chache. Kwa hesabu yake, theluthi mbili ya mifugo yote, wakubwa kwa wadogo, iliangamia. Daktari wa mifugo wa leo akiyasoma maelezo hayo hana sababu ya kusita: mahali ugonjwa unapoanzia, magaga, mipasuko na kasi ya kuenea ni dalili za Sarcoptes katika hali yake mbaya kabisa.

Garcilaso aliona pia kwamba ugonjwa ulitoka kwa mifugo ukawaingia guanako na vikunya, lakini huko haukuwa mkali kama zizini. Alitoa sababu mbili: wanyama wa porini hukaa katika nchi ya baridi zaidi, na hawasongamani kama wale wanaofugwa. Sababu ya pili ingeweza kuandikwa na mtaalamu wa magonjwa wa siku hizi bila kubadilishwa neno. Utitiri hutegemea miili kugusana, na umbali kati ya familia moja ya vikunya na nyingine ulikuwa kinga yao.

Mbweha hawakuwa na kinga hiyo, kwa kuwa walikwenda wenyewe kwenye mizoga. Mwaka 1548, wakati Gonzalo Pizarro alipokuwa Cusco baada ya kushinda vita vya Huarina, mbweha wagonjwa waliingia mjini usiku, na asubuhi watu wakawakuta mitaani na viwanjani, wengine hai na wengine wamekufa, ngozi zao zikiwa na matundu mawili, matatu au zaidi. Garcilaso alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi na aliyaona hayo kwa macho yake. Wenyeji waliwachukulia mbweha wale kuwa ishara ya maangamizi ya Gonzalo, na kweli alishindwa na kukatwa kichwa mwezi Aprili mwaka huo. Siasa ikiwekwa kando, kinachobaki ni ushahidi wa thamani kubwa: mla nyama ameambukizwa na windo lake. Mnyororo kama huo umechunguzwa Afrika Mashariki katika karne hii. Katika Maasai Mara, Kenya, watafiti waliwakuta duma wenye upele wa Sarcoptes, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba utitiri wao walikuwa wa aina moja na wa swala tomi, wanyama ambao duma huwala kila siku.

Swali la asili ya karacha limewagawa wanahistoria. Garcilaso anasema ulikuwa ugonjwa usiopata kuonekana kabla ya miaka ile, na kwa kauli hiyo wapo wanaoamini kwamba uliletwa na kondoo na mbuzi wa Kihispania. Polo de Ondegardo na Acosta wanasema wazee wa kale walikuwa na kanuni ya kuwazika wenye karacha. Ushahidi wa Polo ni mzito zaidi. Yeye aliwahoji watu wazima waliotumikia dola ya Inka, ilhali Garcilaso alikuwa mtoto wakati wa mlipuko na aliandika akiwa mzee, ng'ambo ya bahari. Tena dola haitungi kanuni ya kuzika mali yake kwa ajili ya ugonjwa usiokuwapo. Lililo karibu na ukweli ni kwamba karacha ilikuwapo tangu zamani kwa kiasi kidogo, ikidhibitiwa kwa hesabu, utengano na mashimo, na mifugo mipya huenda iliongeza mbegu yake. Kilichokuwa kipya kabisa mwaka 1544 ni kukosekana kwa mtu wa kumtenga mnyama mgonjwa.

Tiba zilitafutwa kwa kubahatisha. Salfa na dawa nyingine kali zilijaribiwa, na mifugo ikafa upesi zaidi. Hatimaye iligunduliwa kwamba mafuta ya nguruwe yaliyopashwa moto kidogo yakipakwa vizuri husaidia, labda kwa sababu hulainisha magaga na kuwanyima utitiri hewa. Tiba hiyo haikupotea. Katika vijiji vya Peru wapo wafugaji wanaowapaka alpaka mafuta ya nguruwe hadi leo, na wengine hutumia oili chafu ya magari, ambayo huchoma ngozi na kuharibu sufu.

Kwa vikunya, karne zilizofuata zilikuwa za bunduki kuliko za upele. Chaku ya kunyoa na kuachia ikageuka kuwa uwindaji wa kuua na kuchuna. Simón Bolívar alitoa amri mwaka 1825 ya kukataza kuwaua, lakini amri bila walinzi haikuzuia kitu. Kufikia miaka ya 1960 inakadiriwa kwamba vikunya waliobaki duniani hawakuzidi 10,000. Peru ilianzisha hifadhi ya Pampa Galeras mwaka 1967, nchi za Andes zikatia saini mkataba wa La Paz mwaka 1969 na ule wa Lima mwaka 1979, na biashara ya kimataifa ya manyoya ikafungwa. Vikunya waliongezeka. Biashara ilipofunguliwa tena kwa masharti, manyoya yalitakiwa kutoka kwa wanyama walionyolewa wakiwa hai, na chaku ikafufuliwa, sasa chini ya jumuiya za vijiji. Vikunya mmoja hutoa takriban gramu 200 tu kila anaponyolewa, lakini bei yake ni kubwa. Idadi yao leo ni mamia ya maelfu.

Pamoja na wingi huo karacha ilirudi. Visa vimeripotiwa Peru, Bolivia, Chile na Argentina, mara nyingi mahali ambapo vikunya hulisha pamoja na alpaka na lama, na hunywa maji katika chemchemi zile zile. Kinga ambayo Garcilaso aliiona, ya umbali, imepungua: uzio, barabara na mifugo vimewabana katika eneo dogo. Hata chaku yenyewe ina hatari yake, kwa kuwa inawasonga mamia ya wanyama ndani ya zizi moja kwa saa kadhaa.

Pigo kubwa kuliko yote lililoandikwa na wanasayansi liliangukia San Guillermo, hifadhi iliyoko kaskazini magharibi mwa mkoa wa San Juan, Argentina. Eneo hilo lilitengwa mwaka 1972 kwa ajili ya vikunya, likatambuliwa na UNESCO mwaka 1980, na sehemu yake ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1998. Ni nchi ya mbali, yenye upepo na ukavu, isiyo na vijiji ndani yake, na vikunya na guanako walikuwa wengi kuliko wanyama wengine wote wakubwa. Mwaka 2014 wanyama wenye magaga walianza kuonekana. Miaka michache baadaye tambarare zilizojaa makundi zilikuwa karibu tupu. Vikunya waliangamia zaidi, na guanako nao wakapungua vibaya.

Watafiti walipofuatilia chanzo, shaka iliangukia mpango wa serikali wa kuwapa wafugaji lama katika maeneo yanayopakana na hifadhi, uliofanyika miaka michache kabla ya mlipuko. Baadhi ya lama hao walikuwa na upele. Nia ya mpango ilikuwa njema, kuwainua watu maskini kwa mnyama wa asili ya nchi yao, lakini hapakuwa na yeyote wa kukagua ngozi kwa ukali wa mtunza kipu. Mwaka 1544 lilikuwa jeshi lililochanganya makundi, na mara hii ilikuwa lori la msaada. Kwa utitiri, safari ni ile ile.

Mabadiliko yaliyofuata hayakuishia kwa vikunya. Puma wa San Guillermo waliishi kwa kuwawinda, na kondori walikula mabaki ya mawindo ya puma. Mizoga ilipokwisha, kondori walipungua kuonekana katika hifadhi. Majani, ambayo zamani yalilishwa hadi karibu na udongo katika tambarare, yaliongezeka kwa kasi, kwa vile hapakuwa na midomo ya kuyala. Mdudu asiyeonekana vizuri kwa macho alibadili sura ya nchi nzima kwa muda usiofika miaka kumi.

Dawa ipo. Ivamektini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Japani na kuingia sokoni kwa ajili ya mifugo mwaka 1981, huua utitiri wa karacha, na wagunduzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Katika chaku nyingi za Peru siku hizi, kabla mkasi haujapita, mtu hupapasa kwapa, tumbo na mapaja ya kila vikunya, na wenye magaga hudungwa sindano. Lakini ivamektini haiui mayai, hivyo sindano moja haitoshi: inahitajika nyingine baada ya wiki mbili hivi, na vikunya aliyeachiwa leo hatakamatwa tena hadi mwaka ujao au baadaye. Katika hifadhi kama San Guillermo, ambako hakuna chaku, hata sindano ya kwanza haiwezekani.

Kwa hiyo penye nafasi ya kuzuia karacha ni kwa mnyama wa kufugwa, kabla hajapandishwa mlimani. Lama na alpaka wanaopelekwa jirani na vikunya wanapaswa kukaguliwa ngozi mmoja mmoja, kutibiwa mara mbili, na kutengwa mpaka ihakikishwe kuwa ni wazima. Kazi hiyo ni ya wiki chache na gharama yake ni ndogo, na hakuna tiba iliyoweza kuirudishia San Guillermo vikunya wake.